Tumbo la Mdalasini: Mjadala juu ya Kumtibu Paka kwa Nguvu

Hoja: paka mzee mwenye maradhi sugu ya tumbo apewe dawa kila siku, hata kwa kushikwa kwa nguvu, au aachwe? Wanaojibizana ni watu wa nyumba moja ya Magomeni, Dar es Salaam, pamoja na daktari wa mifugo na muuza duka la dawa la mtaani kwao. Naliona swali hili kuwa zito sawa na maswali mengine ya nyumbani, kwa hiyo sikumpunguzia mtu ukali wa maneno yake.

BIBI: Mwanangu, zamani huyu Mdalasini alikuwa akisikia geti linafunguliwa anatoka mbio kukulaki. Siku hizi akisikia droo ya dawa inavutwa anaingia chini ya kitanda, kucha zote nje. Asubuhi anakimbizwa, jioni anakimbizwa. Amekonda, nakubali. Lakini kukonda hakumwondolei haki ya kupumzika. Mnyama akiugua hujitenga, hutafuta kivuli, hula majani akatapika. Akipona amepona, akifa amekufa kwa amri ya Mungu. Wewe umemfanya mfungwa ndani ya nyumba aliyoizoea.

MWENYE PAKA: Mama, ninayeamka saa kumi alfajiri kwa ile sauti ya kutapika ni mimi. Nikimpapasa mgongoni, kila kifundo cha uti wa mgongo nakigusa. Anaharisha wiki nzima, anapata siku mbili za nafuu, anaanza tena. Unaposema nimwache, unataka nimwache afanye nini? Chuoni tulisomeshwa Hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Na nyumbani uliyenirudia kuisimulia ni wewe.

BIBI: Nilikusimulia yote, wewe umeshika nusu. Yule mwanamke alimfungia paka. Hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia wadudu wa ardhini. Kosa lilianzia kwenye kufunga. Na wewe kila asubuhi unafunga mlango wa chumba ili asikimbie kidonge.

MWENYE PAKA: Nafunga mlango ili apone!

BIBI: Na yeye anajua hivyo?

DAKTARI WA MIFUGO: Naomba niingie hapo, kwa sababu tunabishana kutibu au kutotibu ilhali hatujakubaliana tunatibu nini. Paka akitapika au kuharisha kwa zaidi ya wiki 3, huo kwetu ni ugonjwa sugu, hata kama katikati anapata siku nzuri. Wengi husema ni manyoya tu, paka hujilamba kisha akayatapika. Mara moja moja, sawa. Kila wiki, hapana. Nyuma ya dalili hiyohiyo panaweza kuwa na chakula kisichomwafiki, minyoo, vijidudu kama jiadia, figo zilizochoka, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, utumbo uliovimba kwa kushambuliwa na kinga ya mwili wenyewe, au saratani ya limfu ya utumbo. Paka wa miaka 11 anaweza kuwa na mawili kwa pamoja. Tezi kwa mfano humfanya ale kwa pupa na bado akonde, na mwenyewe akiona sahani tupu hufurahi akidhani mgonjwa ana nafuu. Mdalasini tumempima damu, homoni ya tezi iko sawa, figo ziko sawa. Choo hakikuonyesha kitu, na dawa ya minyoo nilimpa hata hivyo. Tumebakiwa na mambo matatu: chakula, uvimbe wa utumbo, au saratani.

MUUZA DUKA LA DAWA: Daktari, hayo ni ya mwenye nafasi ya kupima. Kliniki yako inafunguliwa saa tatu asubuhi, saa kumi na moja jioni umefunga. Mimi nipo mpaka saa nne usiku. Anakuja mtu na paka ndani ya kikapu cha sokoni, mnyama amejichafua mpaka mkiani, ananiambia nisaidie. Nampa robo ya metronidazoli, na siku mbili baadaye anarudi kunishukuru. Huyo ningemwambia nini? Kwamba asubiri homoni ya tezi?

DAKTARI WA MIFUGO: Ungemwambia ukweli kwamba kuharisha kumenyamaza na ugonjwa upo palepale. Dawa ile huua pia bakteria wema wa utumbo. Akiacha, tumbo linarudi, naye anarudi dukani kwa robo nyingine, na mzunguko huo mnauita matibabu. Tunaowatibu wanyama tumeanza kuiweka mbali, isitolewe kwa kila kuharisha. Ikizidi kipimo au ikitumika muda mrefu, paka huyumba, hutetemeka, wengine hupata degedege. Tena ni chungu mno. Akiitafuna hutoa povu mdomoni, mwenye paka akakimbia kwa jirani akilia kwamba amelishwa sumu.

MUUZA DUKA LA DAWA: Sumu naijua. Mtu akitaka parasetamoli ya paka simpi.

DAKTARI WA MIFUGO: Kwa hilo nakushukuru kwa dhati, na ningependa kila duka la mji huu lifanye hivyo. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja dawa hiyo kama letu linavyofanya. Kidonge kimoja cha miligramu 500, tunachokimeza kwa maumivu ya kichwa, kinaweza kumuua. Ufizi hugeuka rangi ya udongo, uso huvimba, pumzi hukatika kwa sababu damu haibebi tena hewa. Nimewapokea wa namna hiyo, waliopewa kwa huruma na watu wasiojua. Ibuprofeni nayo ni sumu kwa paka. Loperamidi tunayoizuilia kuharisha sisi huweza kumtia paka kiwewe akawa anarandaranda usiku kucha. Na wapo wanaomtia paka aliyefunga choo ile dawa ya kuoshea utumbo yenye fosfeti, ya binadamu. Hiyo huua. Kwa choo kigumu ipo laktulosi, yapo maji, zipo nyuzinyuzi za chakula. Njia salama zipo.

MUUZA DUKA LA DAWA: Hapo sikupingi. Ninachouliza ni hiki: nawe si umempa Mdalasini steroidi bila kujua kama ni uvimbe au saratani? Mimi nikikisia mnasema ni ujinga. Daktari akikisia inaitwaje?

DAKTARI WA MIFUGO: Swali la haki. Kukisia kwangu kuna mpangilio, na nikikosea kuna mahali pa kurudi. Hatua ya kwanza haikuwa kidonge, ilikuwa chakula. Paka wengi wenye tumbo sugu hutulia kwa kubadilishiwa chakula peke yake, na huwa tunaliona hilo ndani ya wiki 2, pengine 3. Hakuna kukimbizana, hakuna mlango wa kufunga. Unatafuta nyama ambayo hajawahi kuila. Huyu amelelewa kwa dagaa, kuku na samaki, kwa hiyo nikasema sungura, na kama hapatikani basi mbuzi, ya kuchemsha, bila chumvi, bila kitunguu. Au chakula cha pakiti cha matibabu, ambacho protini yake imevunjwa vipandevipande mpaka kinga ya mwili isiitambue. Sharti ni moja tu: asile kingine chochote. Ilipogoma hatua hiyo, ndipo nikaandika prednisoloni, ndiyo hiyo steroidi.

BIBI: Sungura! Katika mtaa huu wapo watoto wanaoinusa nyama ikipita, basi. Mimi nimelea watoto sita kwa maharage na mchicha, nyama ni Ijumaa. Leo paka anachemshiwa sungura. Mwanangu, huoni vibaya majirani wakiona?

MWENYE PAKA: Naona vibaya, mama. Mara nyingine nilipika usiku. Lakini pesa niliyonunulia sikumnyang'anya mtoto wa mtu, na nikiinunulia kitambaa cha sherehe hakuna atakayeniuliza. Watoto wa jirani wakija wanakula hapa, unajua. Sikubali kwamba huruma ni kitu cha kupimiwa kwenye kibaba, ukimpa paka kimepungua cha mtoto.

BIBI: Pesa ndiyo inayopimwa kwenye kibaba. Huruma sikuitaja.

MWENYE PAKA: Basi tuseme pesa. Kile cha pakiti cha kutoka nje nilinunua, kikaniumiza. Alikinusa akaondoka. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikampa dagaa, kwa sababu nilimwona anashindwa hata kuruka dirishani.

DAKTARI WA MIFUGO: Na ulifanya vyema kuogopa. Paka haachwi na njaa kwa matumaini kwamba njaa itamlazimisha. Siku mbili tatu bila kula, hasa kama alikuwa mnene, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza, na hapo tunakuwa na ugonjwa mpya ulio mbaya kuliko wa kwanza. Chakula kigeni huchanganywa kidogokidogo na cha zamani. Na mlo wa nyumbani wa sungura mtupu ni wa majaribio tu, hauwi wa maisha. Paka lazima apate kirutubisho kiitwacho taurini. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka wanaoikosa moyo wao hutanuka na kulegea, na wengi wakarudi katika hali yao waliporudishiwa. Ndiyo maana paka wa kulishwa ugali na mchuzi humwoni akizeeka vizuri.

BIBI: Nimeona wengi wakizeeka kwa ugali.

DAKTARI WA MIFUGO: Uliwaona waliozeeka, mama. Waliokufa mapema hukuwahesabu. Na waliozeeka walikuwa wanakamata panya, ambaye ana kila kitu ndani yake.

DADA WA KAZI: Naomba na mimi niseme, bibi, kama mtaniruhusu. Lile jaribio la chakula halikuwahi kufanyika.

MWENYE PAKA: Halikufanyika vipi, mdogo wangu? Si nilikuachia sungura kwenye friji?

DADA WA KAZI: Sungura alikula. Na jioni alikwenda barazani kwa yule kaka wa samaki wa kukaanga, akala vichwa na matumbo. Kila siku. Na nyumba ya pili wanamwekea maziwa kwenye kifuniko. Nilisema mara moja nikaambiwa nimfungie ndani. Nimemfungia, akalia mlangoni mpaka bibi akamfungulia. Mimi siwezi kubishana na bibi.

BIBI: Nilimfungulia. Alikuwa analia.

DAKTARI WA MIFUGO: Hili nililihitaji siku ya kwanza. Maziwa kwa paka mkubwa mara nyingi ni kuharisha tu, kwa sababu wengi wao hawana tena kimeng'enya cha kuisaga ile sukari iliyomo. Na samaki ndiye hasa niliyekuwa nataka kumwondoa. Kwa hiyo nimeandika steroidi juu ya jaribio ambalo halikufanyika.

MUUZA DUKA LA DAWA: Sasa tuko sawa, daktari.

DAKTARI WA MIFUGO: Kwa hilo, ndiyo. Lakini tofauti ni kwamba sasa ninaweza kuuliza upya. Robo yako ya metronidazoli haiulizi kitu.

DADA WA KAZI: Sijamaliza. Nyie mnaongea kuhusu kumshika paka. Anayemshika ni mimi. Dada anatoka asubuhi na mapema kuwahi daladala, bibi magoti hayamruhusu kuinama. Asubuhi kidonge ni changu, jioni mara nyingi ni changu. Ameniuma hapa, kwenye kidole gumba, mkono ukavimba mpaka kwenye kiwiko. Nilinunua dawa dukani nikanyamaza. Mnabishana kama yeye anateseka. Hakuna aliyeuliza mkono wangu.

MWENYE PAKA: Kwa nini hukuniambia?

DADA WA KAZI: Ulikuwa unalia kuhusu paka.

DAKTARI WA MIFUGO: Niseme hili kwa uzito, na sote tulisikie. Jino la paka ni jembamba na refu. Huingiza vijidudu ndani kabisa, kisha tundu hujifunga juu, usaha ukabaki chini. Jeraha la namna hiyo ni la hospitali siku hiyohiyo. Linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu unakwenda, kwa sababu nchini kwetu kichaa cha mbwa kipo na paka pia huweza kukibeba. Mdalasini amechanjwa, kadi yake ninayo, lakini hilo haliondoi safari ya hospitali. Nilipoandika dawa ya kumeza mara mbili kwa siku nilipaswa kuuliza ni mkono wa nani utakaoifanya kazi hiyo.

BIBI: Ndiyo nilichokuwa nasema mimi tangu mwanzo. Dawa ina watu wawili wa kuumia.

MWENYE PAKA: Daktari, nilisikia kuna dawa ya kupaka sikioni. Kwa nini isiwe hiyo tukamaliza?

DAKTARI WA MIFUGO: Ipo kwa tezi, na hufanya kazi vizuri. Steroidi ikipakwa sikioni hatuna uhakika kama inafika mwilini kwa kiasi cha kutosha. Nitakuwa nakuuzia matumaini. Lakini dada, niambie, unampaje kidonge?

DADA WA KAZI: Mwanzoni kama dada alivyonionyesha, nambana katikati ya magoti namfungua mdomo kwa nguvu. Ndipo aliponiuma. Sasa namviringisha kwenye khanga nzito, kichwa tu nje. Namshika kwa juu, vidole kwenye mifupa ya mashavu, naelekeza pua juu kidogo, taya inalegea yenyewe. Nakiangusha nyuma kabisa ya ulimi. Halafu maji kwa bomba la sindano bila sindano yake, pembeni ya mdomo, taratibu. Siku akiwa na njaa sihangaiki na khanga. Namtupia vipande vitatu vya nyama ya mbuzi, cha kwanza kitupu, cha pili kina kidonge, cha tatu namwonyesha mapema ili akimeze cha pili haraka. Bibi haoni hizo siku. Anaziona zile za kukimbizana.

DAKTARI WA MIFUGO: Kliniki nzima ingefundishwa hivyo. Na yale maji ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kidonge kikikaa kooni kwa ukavu huunguza. Kwa dawa kama doksisaiklini koo la paka hupata kovu na kuziba, ukawa umemletea ugonjwa mwingine kwa mkono wa kumtibu.

MUUZA DUKA LA DAWA: Kuna dawa ya maji ya watoto, tamu, harufu ya chungwa. Hiyo haimsaidii dada huyu?

DAKTARI WA MIFUGO: Paka haonji utamu. Tangu 2005 imejulikana kwamba jeni la kuonjea sukari kwao limeharibika, kwa hiyo kinachombembeleza mtoto kwake si kitu, na harufu ya chungwa humchukiza. Tena hapo kwako ndipo palipotokea jambo jingine. Nimeandika prednisoloni. Aliyoletewa paka ni prednisoni.

MUUZA DUKA LA DAWA: Ni ileile. Moja ikiingia mwilini hugeuka nyingine. Vitabu vinasema hivyo.

DAKTARI WA MIFUGO: Kwa binadamu, sawa. Ini la paka huigeuza vibaya, sehemu kubwa inapotea. Kwa hiyo dada ameumwa mkono kwa ajili ya dawa ambayo huenda ilifika nusu, au chini ya nusu. Halafu tukisema dawa imeshindwa tunapandisha kipimo, au tunasema ni saratani.

MUUZA DUKA LA DAWA: Hilo sikulijua. Nitaliandika kwenye karatasi nibandike pale kaunta. Lakini daktari, mkiandika kwa mwandiko ule, na mkaacha kuja dukani kuongea nasi, mtatulaumu mpaka lini? Duka langu ndilo kliniki ya paka wa mtaa huu, mkitaka msitake.

BIBI: Mimi nimesikiliza. Jaribio la kwanza halikufanyika, dawa ya pili haikuwa yenyewe, msichana ameumwa. Na huyu mnyama kwa muda wote huo alikuwa anakimbizwa bure. Sasa mnataka nini tena kwake?

DAKTARI WA MIFUGO: Kuanza upya, na safari hii kwa vitu vichache. Kwanza vitamini B12. Utumbo uliovimba hushindwa kuifyonza, na ikipungua paka hukosa hamu ya kula, hukonda, na dawa nyingine hazifanyi kazi vizuri. Ni sindano moja ndogo chini ya ngozi ya mgongo kwa wiki, kwa wiki 6, bei yake si ya kutisha. Wengi hawaitikisii hata mkia. Pili, ndani kwa wiki 3, na kaka wa samaki aombwe kwa heshima, na nyumba ya pili pia. Prednisoloni yenyewe mara moja kwa siku, na haikatwi ghafla, inashushwa polepole. Nitamfuatilia sukari, kwa sababu steroidi kwa paka huweza kuleta kisukari. Mkimwona anakunywa maji mno na kukojoa sana, mnipigie siku hiyo.

MWENYE PAKA: Na kama bado anatapika?

DAKTARI WA MIFUGO: Hapo ndipo pagumu. Uvimbe wa utumbo na saratani ya limfu ile ya polepole hufanana mno, hata kwenye ultrasaundi. Kuzitenganisha ni kumlaza kwa dawa ya usingizi na kukata vipande vya utumbo. Paka aliyekonda hivi, ana hatari yake. Njia ya pili ni kutibu kama saratani bila kukata. Saratani ile si hukumu ya papo hapo, wengi wakipewa prednisoloni pamoja na klorambusili huishi zaidi ya mwaka, wengine miaka miwili na kupita, wakiwa wanakula na kuota jua. Lakini klorambusili ni dawa ya kuua chembe za mwili. Kidonge hakikatwi. Anayekishika avae glovu, anayezoa mchanga wa choo cha paka avae glovu, na mwenye mimba asiguse kabisa.

DADA WA KAZI: Anayezoa mchanga ni mimi.

DAKTARI WA MIFUGO: Ndiyo maana nimesema mbele yako.

DADA WA KAZI: Nimeshukuru. Basi jibu langu ni hapana. Kumviringisha kwenye khanga nitamviringisha. Nampenda, asubuhi nikifua anakaa juu ya beseni lililofunikwa ananiangalia. Sindano ya wiki nitamshika. Dawa ya glovu, hapana. Sijaolewa bado, nataka kuzaa.

MWENYE PAKA: Nitaifanya mwenyewe. Mchanga nitazoa mwenyewe.

BIBI: Saa ngapi? Unatoka kukiwa giza unarudi kukiwa giza.

MWENYE PAKA: Mama, unataka niseme basi, afe? Sema wewe basi, kwa mdomo wako.

BIBI: Sitasema afe. Nasema aachwe.

DAKTARI WA MIFUGO: Hapo mama utanisamehe, sitakubali. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, nayo haimruhusu mwenye mnyama kumwacha ateseke pasipo sababu. Lakini weka sheria pembeni. Paka wa tumbo sugu asiyetibiwa hafi kwa usingizi wa kivulini. Hukonda kwa miezi. Misuli ya mapaja huisha, baridi humwingia hata kwenye joto letu hili, hujilowesha asiweze kujilamba, yeye ambaye tangu kuzaliwa hakukubali uchafu. Kama unataka asisumbuliwe kwa dawa, mwenzake wa uamuzi huo ni kunikubalia siku moja nimlaze asiamke. Huwezi kuvikataa vyote viwili ukaita huruma.

BIBI: Roho siitoi mimi, wala wewe huna ruhusa ya kunitolea. Mnyama wa kuliwa huchinjwa, ana sababu yake. Huyu amekaa nasi, paka ni katika wanaotuzunguka majumbani kwetu, ndivyo tulivyofundishwa na Mtume. Nimchome sindano ya kufa kwa sababu ananichosha kumtazama?

DAKTARI WA MIFUGO: Kwa sababu anaumwa, mama. Hilo la kukuchosha sikulisema.

BIBI: Umesema ana miaka 11. Mimi nina 78. Tumbo langu nalo halina siku mbili nzuri. Nanyweshwa vidonge vitano asubuhi, nikivikataa mnasema bibi mkaidi. Mimi nina ulimi wa kukataa. Yeye ana kucha tu. Akizitoa, mnamviringisha kwenye khanga. Ndiyo maana nilimfungulia mlango.

MWENYE PAKA: Mama...

BIBI: Niache nimalize. Sindano ya vitamini, sawa. Chakula, sawa, na mlango sitaufungua kwa wiki hizo 3. Nitakaa naye mimi pale mlangoni akilia. Kidonge kwenye nyama, sawa. Siku atakayokataa nyama, asishikwe. Siku hiyo ipite. Hilo ndilo ninalolitaka.

DAKTARI WA MIFUGO: Prednisoloni ikirukwarukwa haifanyi kazi, tena kukatika ghafla kuna madhara yake. Siku moja nitaivumilia. Siku ya pili mfululizo, anashikwa.

BIBI: Nani kakupa wewe siku ya pili?

DAKTARI WA MIFUGO: Ugonjwa, mama.

MWENYE PAKA: Mimi nakubali siku moja. Na tunampima uzito kila Ijumaa, kwenye mizani, tunaandika. Akiendelea kushuka kwa wiki 3 tukiwa tumefanya yote sawasawa, tunakaa tena, na dada wa kazi anakaa nasi tangu mwanzo. Hilo la kumlaza sitaki kulisikia kabla ya hapo.

DAKTARI WA MIFUGO: Mizani yangu nitawaazima. Lakini tuanze Jumatatu. Dawa aliyonayo sasa ni ile ya makosa, kila siku inayopita ni ya hasara kwake.

DADA WA KAZI: Jumapili napanda basi la Lushoto, dada. Likizo yangu, tulikubaliana tangu mwezi wa Ramadhani. Jumatatu mimi sipo, na Jumanne sipo.

MWENYE PAKA: Nitaomba ruhusa kazini.

BIBI: Utawaambia nini? Kwamba unamnywesha paka dawa?

MWENYE PAKA: Nitawaambia hivyohivyo, mama.

BIBI: Na wakikunyima?